Sura ya Sita: Mwalimu wa Boulogne na Vidole Visivyolingana

Watu wanaoanza kujifunza kinanda katika kwaya za Sombetini, Ngarenaro na kata nyingine za jiji la Arusha huuliza swali moja ambalo walimu wao hulijibu kwa haraka mno: kwa nini mtu aliyekuja kujifunza kupiga nyimbo za ibada apewe kwanza kurasa zilizojaa mazoezi yasiyo na maneno wala sauti ya kukumbukwa, mazoezi yanayopanda na kushuka kwa mtindo uleule, na tena aambiwe ayarudie kila siku? Kurasa hizo kwa kawaida ni nakala zilizotolewa steshenari, nyingi zikiwa zimekwisha kupoteza jalada, na jina pekee lililobaki juu yake ni Hanon. Wapo wanaodhani kwamba hilo ni jina la aina ya zoezi, na wapo wanaodhani ni jina la kampuni. Hanon alikuwa mtu, mwalimu wa muziki katika mji wa bandari wa Ufaransa katika karne ya 19, na mazoezi yake hayawezi kutumiwa vizuri, wala kukosolewa kwa haki, bila kujua aliyatunga kwa ajili ya nani, kwa chombo cha namna gani na kwa kusudi lipi.

Katika sura hii neno piano linatumika kwa chombo chenye nyuzi za chuma zinazogongwa na nyundo ndogo kila kibonyezo kinapobonyezwa, na neno kinanda linatumika kama linavyotumika makanisani, yaani chombo cha umeme chenye vibonyezo, ambacho sauti yake hutoka kwenye spika. Tofauti ya vyombo hivi viwili, ambayo mwanzoni huonekana ndogo, ndiyo itakayoamua sehemu kubwa ya jibu.

Mwalimu aliyeishi mbali na Paris

Charles-Louis Hanon alizaliwa tarehe 2 Julai 1819 katika kijiji cha Renescure, kaskazini mwa Ufaransa, akafundishwa ogani, yaani kile chombo kikubwa cha kanisani chenye vibonyezo kinachopulizwa kwa upepo, na mwalimu wa hukohuko kwao. Mwaka 1846 alihamia Boulogne-sur-Mer, mji wa bandari unaotazamana na Uingereza ng'ambo ya mlangobahari, na huko aliishi na kufanya kazi mpaka alipofariki tarehe 19 Machi 1900. Maisha yake hayana ziara za kupiga piano mbele ya wafalme wala ugomvi wa magazetini, kwa kuwa hakujulikana kama mpigaji wa majukwaani. Alijulikana kama mwalimu, na pia kama Mkatoliki mwenye ibada, mwanachama wa Utawa wa Tatu wa Mtakatifu Fransisko na wa Chama cha Mtakatifu Vinsenti wa Paulo, vyama ambavyo waumini wa Arusha wanavifahamu kwa kazi zao za kuwahudumia maskini.

Ili kuelewa maana ya kuishi Boulogne, ni lazima kutazama yaliyokuwa yakitendeka Paris wakati huohuo. Tangu mwaka 1795 Paris ilikuwa na Conservatoire, chuo cha muziki cha serikali, na kijana aliyepata nafasi humo alikabidhiwa kwa walimu waliokuwa na majina makubwa. Mmoja wao, Antoine François Marmontel, aliwafundisha Georges Bizet na Claude Debussy, ambao baadaye walikuwa miongoni mwa watunzi wakuu wa Ufaransa. Mwingine, Louise Farrenc, alifundisha piano chuoni hapo kuanzia mwaka 1842 hadi 1873, na kwa miaka kadhaa alilipwa mshahara mdogo kuliko wenzake wanaume. Aliendelea kudai haki yake, na mwaka 1850, baada ya utunzi wake wa vyombo tisa kupokewa kwa sifa, akakubaliwa malipo sawa na yao. Farrenc anastahili sura yake peke yake, kwani alikuwa mtunzi wa simfonia tatu katika zama ambazo mwanamke aliyetunga simfonia alionekana kama kioja.

Hanon hakuwa na chuo nyuma yake. Mwalimu wa mji mdogo alifundisha watoto wa wafanyabiashara, wasichana waliotarajiwa kupiga piano sebuleni, na wapiga ogani wa parokia za vijijini ambao pengine walikuwa walimu wa shule kwa siku za kazi na wanamuziki kwa siku ya Jumapili. Wanafunzi wa namna hiyo hawapati miaka kumi ya masomo. Wanapata muda mfupi, mwalimu mmoja, na kisha wanabaki peke yao. Hali hiyo ndiyo iliyoongoza kazi yote ya Hanon. Kabla ya kitabu kilichomfanya ajulikane duniani, alitunga mbinu ya kumwezesha mtu asiyejua muziki na asiye na mwalimu kusindikiza kwa chombo chenye vibonyezo nyimbo za kale za Kanisa Katoliki, zile za sauti moja zinazoimbwa kwa Kilatini bila mapigo yaliyopimwa. Wataalamu wa Paris wangeweza kuidharau kazi ya namna hiyo, lakini padri wa kijijini aliyekuwa na chombo kanisani na hana mtu wa kukipiga aliihitaji sana. Yeyote aliyewahi kuona parokia au usharika wa pembezoni mwa Mlima Meru ukinunua kinanda kwa michango ya waumini, kisha chombo kikakaa kimefunikwa kitambaa kwa kukosa mpigaji, anaielewa haja hiyo bila kuelezwa zaidi.

Karne ya vyombo vipya

Hanon alifundisha katika kipindi ambacho vyombo vyenyewe vilikuwa vinabadilika. Mwaka 1815 kifaa cha kupimia mwendo kiitwacho metronomu, ambacho hugonga mapigo sawasawa kwa kasi iliyochaguliwa, kilipewa hataza mjini Paris kwa jina la Johann Maelzel. Mwaka 1821 kiwanda cha Érard cha Paris kilileta utaratibu mpya wa nyundo ulioruhusu noti moja kurudiwa kwa haraka bila kibonyezo kuinuka mpaka juu kabisa. Mwaka 1842 Alexandre Debain akapata hataza ya hamoniamu, chombo kidogo chenye vibonyezo kinachopata upepo kwa kukanyagwa, ambacho bei na ukubwa wake viliwezesha kanisa la kijijini kuwa nacho.

Hamoniamu ndiyo iliyosafiri mbali kuliko vyombo vingine vya aina yake. Ilipofika India ilipunguzwa ikawa ya kukalia chini na kupulizwa kwa mkono mmoja, na kwa njia ya Bahari ya Hindi ikaingia katika taarabu ya Mombasa yenye ladha ya Kihindi. Kwa njia nyingine, Kanisa la Ufaransa lenyewe lilikuwa linakuja Afrika Mashariki katika miaka hiyohiyo: wamisionari Wafaransa walifika Zanzibar mwaka 1860, wale wa Shirika la Roho Mtakatifu wakaanzisha misheni ya Bagamoyo mwaka 1868, na mwanzoni mwa miaka ya 1890 walikuwa wamepanda hadi Kilema, katika mteremko wa Kilimanjaro. Hanon mwenyewe hakuwahi kukanyaga pwani hii. Hata hivyo dunia aliyoifundishia, ya ibada inayohitaji muziki na watu wachache wanaoujua, ilikuwa ikijengwa huku wakati yeye yungali hai.

Kitabu cha mazoezi 60

Mwaka 1873 Hanon alichapisha huko Boulogne kitabu alichokiita Le Pianiste virtuose, yaani mpiga piano hodari, chenye mazoezi 60. Kimegawanyika katika sehemu tatu. Zoezi la 1 hadi la 20 ni maandalizi, la 21 hadi la 43 linaongeza ugumu na kuingiza ngazi zote, na la 44 hadi la 60 linashughulikia mambo mazito kama kurudia noti moja kwa vidole vinavyopokezana, kupiga noti mbili kwa pamoja, na oktavu. Ngazi ni mfuatano wa noti kutoka do moja hadi do inayofuata, na oktavu ni umbali wa kati ya do hizo mbili.

Muundo wa mazoezi ya mwanzo ni rahisi kueleza. Mikono yote miwili hupiga noti zilezile kwa wakati mmoja, mkono wa kushoto ukiwa oktavu moja chini ya wa kulia, na kila zoezi limejengwa kwa umbo dogo la noti nane ambalo likishapigwa husogezwa hatua moja juu, kisha hatua nyingine, mpaka oktavu mbili ziishe, halafu linageuzwa na kurudi chini. Katika zoezi la 1 umbo hilo linaruka kutoka do hadi mi, linapanda hatua kwa hatua hadi la, kisha linarudi nyuma. Mara ya pili linaanzia re, mara ya tatu mi, na kuendelea. Kuruka huko kwa mwanzo hakukuwekwa ovyo. Mkono wa kushoto unapopanda, nafasi ya kuruka inaangukia kati ya kidole kidogo na kidole cha pete, na unapofika wakati wa kushuka nafasi hiyo inaangukia kati ya vidole hivyohivyo vya mkono wa kulia, kwa hiyo vidole viwili vilivyo dhaifu kuliko vyote ndivyo vinavyotanuliwa na kufanyishwa kazi tangu dakika ya kwanza.

Hanon anaagiza kwamba mwanafunzi aanze kwa mapigo 60 ya metronomu kwa dakika na kupanda taratibu mpaka 108, akiinua vidole juu na kuhakikisha kila noti inasikika peke yake. Kila pigo lina noti nne. Maana yake ni kwamba anayeanza hupiga noti nne kwa sekunde na anayemaliza hupiga zaidi ya saba. Kwa kasi ya mwanzo, zoezi la 1 lote, lenye noti zaidi ya 200 kwa kila mkono, linamalizika kwa muda unaokaribia dakika moja. Anaagiza pia kwamba mazoezi yaunganishwe, moja likikamilika lipigwe pamoja na lililotangulia bila kupumzika, na katika utangulizi wake anasema kwamba aliyekwisha kukimudu kitabu chote anaweza kukipitia kwa saa moja. Hesabu hiyo ya saa moja inaonyesha alimfikiria nani: mtu mwenye shughuli nyingine, ambaye hana siku nzima ya kukaa kwenye piano.

Vidole vitano, tabia tano

Wapiga piano huhesabu vidole kuanzia gumba, ambalo ni la 1, hadi kidole kidogo, ambacho ni cha 5. Cha 4, yaani cha pete, ndicho kinachowasumbua wote. Mtu akiweka kiganja mezani, akakunja kidole cha kati chini ya kiganja na kujaribu kuinua vidole vingine kimoja kimoja, atagundua kwamba cha pete karibu hakiinuki kabisa. Sababu yake iko mgongoni mwa mkono, ambako kano, yaani kamba ngumu zinazovuta mifupa, za kidole cha pete zimefungamanishwa na za majirani zake kwa vitanzi vya nyama ngumu. Zaidi ya hayo, misuli inayofanya sehemu kubwa ya kazi ya kukunja na kuinua vidole haiko kwenye vidole vyenyewe. Iko kwenye kigasha, yaani sehemu ya mkono kati ya kiwiko na kifundo, na ndiyo maana aliyezidisha mazoezi husikia maumivu huko kabla hajayasikia mkononi.

Hanon aliamini kwamba vidole vyote vitano vinaweza kufunzwa mpaka viwe na nguvu sawa, na kwamba vikishalingana mpigaji atacheza chochote kilichoandikwa kwa ajili ya piano. Imani hiyo ilikuwa ya wengi katika karne yake, lakini haikuwa ya wote. Frédéric Chopin, aliyefundisha piano mjini Paris mpaka alipofariki mwaka 1849 na aliyeishi kwa ada za masomo kuliko kwa maonyesho, alishika msimamo wa kinyume: kwake kila kidole kina umbo lake na kwa hiyo kina sauti yake, na kazi ya mwalimu ni kuitunza tofauti hiyo badala ya kuifuta. Katika rasimu ya kitabu cha kufundishia ambacho hakukimaliza, alipendekeza mkono uanze kwa kuwekwa mahali ambapo vidole vitatu virefu vya katikati vinakaa juu ya vibonyezo vyeusi na vifupi viwili vya pembeni vinakaa juu ya vyeupe, kwa kuwa hapo mkono umetulia kama ulivyoumbwa.

Hanon alianza na C, ngazi isiyo na kibonyezo cheusi hata kimoja, ambayo ni rahisi kusoma karatasini na ngumu kwa mkono, kwa sababu vidole virefu na vifupi hulazimika kusimama kwenye mstari mmoja. Katika jambo hili Chopin ndiye aliyeuelewa mkono vizuri zaidi. Lakini Chopin alikuwa chumbani pamoja na mwanafunzi wake, akimtazama na kumsahihisha papo hapo, na mwanafunzi huyo alikuwa mtu wa tabaka la juu aliyemudu ada yake. Mbinu inayotegemea jicho la mwalimu kila siku haiwezi kuwekwa kwenye karatasi na kupelekwa kwa mtu asiye na mwalimu. Kitabu cha Hanon kinaweza, na kwa hilo kimewafikia watu ambao mlango wa Chopin usingefunguka kwao.

Kutoka Boulogne hadi Moscow

Kitabu hicho kilienea kwa namna ambayo mtunzi wake asingeitarajia. Sergei Rachmaninoff, mpiga piano na mtunzi wa Urusi, alieleza katika mahojiano yaliyochapishwa Marekani kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia kwamba katika vyuo vya muziki vya dola ya Urusi mwanafunzi alifanya mazoezi ya Hanon kwa miaka ya mwanzo mpaka akayajua kwa namba. Kwenye mtihani msahihishaji alitaja namba tu, na mwanafunzi alitakiwa kulipiga zoezi hilo mara moja, kwa kasi iliyotajwa, na katika ufunguo wowote alioambiwa. Ufunguo ni noti inayochaguliwa kuwa do ya wimbo; kubadili ufunguo ni kuupandisha au kuushusha wimbo wote bila kubadili umbo lake. Mwaka 1900, mwaka aliofariki Hanon, tafsiri ya Kiingereza ya Theodore Baker ilitolewa New York na kampuni ya Schirmer, na kwa njia ya tafsiri hiyo kitabu kikaingia katika shule na makanisa ya dunia inayosoma Kiingereza, Afrika Mashariki ikiwemo.

Upinzani nao ulikuwapo tangu zamani. Camille Saint-Saëns, Mfaransa, alipotunga mwaka 1886 muziki wake wa Karnivali ya Wanyama, aliwaweka wapiga piano wanaorudia ngazi zao miongoni mwa wanyama wanaoonyeshwa. Katika karne ya 20 mwalimu Abby Whiteside wa Marekani alipinga kabisa mazoezi ya kuimarisha kidole kimoja kimoja, akisisitiza kwamba anayepiga piano anapiga kwa mkono wote kuanzia begani na kwamba mdundo wa wimbo mzima ndio unaopaswa kuviongoza vidole. Mwaka 1957 Dmitri Shostakovich wa Urusi aliingiza vipande vinavyofanana na mazoezi ya Hanon katika tamati ya konserto yake ya pili ya piano, aliyoitunga kwa ajili ya mwanawe Maxim aliyekuwa mwanafunzi. Ulikuwa utani wa baba kwa kijana aliyekuwa akiyajua mazoezi hayo vizuri mno.

Lililo zito kuliko yote katika upinzani huo linahusu afya. Agizo la kuinua vidole juu likifuatwa kwa saa nyingi na kwa mkono uliokakamaa huumiza kano, na wapo waliolazimika kuacha kupiga kwa muda mrefu kwa sababu hiyo. Maumivu ya kigasha au kifundo ni amri ya kusimama, na mwalimu anayemwambia mwanafunzi avumilie maumivu hayo anamfundisha vibaya.

Kwa kifupi, mpaka hapa:
- Hanon alitunga mazoezi yake kwa mwanafunzi mwenye muda mchache na asiye na mwalimu wa kudumu.
- Lengo lake ni vidole kulingana kwa nguvu na kwa mwendo. Lengo hilo lina mipaka inayotokana na umbile la mkono.
- Waliofaidika nayo zaidi, kama wanafunzi wa Urusi, waliyapiga katika funguo zote, si katika C peke yake.

Kinanda cha kanisani kinapopokea mazoezi ya piano

Mwanafunzi wa Sombetini kwa kawaida hana piano. Ana kinanda cha umeme chenye vibonyezo 61, yaani oktavu tano, wakati piano kamili ina vibonyezo 88. Upana huo unatosha kabisa kwa mazoezi 20 ya mwanzo. Tatizo liko kwingine, na halitajwi mara nyingi inavyostahili.

Katika piano, kibonyezo kikipigwa kwa nguvu nyundo huugonga uzi kwa kasi na sauti hutoka kubwa. Kikiguswa taratibu sauti hutoka ndogo. Kwa hiyo anayepiga zoezi la Hanon kwenye piano husikia mara moja kwamba kidole chake cha pete kimetoa noti hafifu, na sikio lake linamsahihisha. Vinanda vingi vya bei nafuu havina uwezo huo: kibonyezo kikiguswa au kikipigwa kwa ngumi, sauti ni ileile. Juu ya kinanda cha namna hiyo mwanafunzi anaweza kupiga mazoezi yote 20 kwa miezi, vidole vyake vikiwa havilingani hata kidogo, na asijue, kwa sababu chombo kinamficha kosa ambalo zoezi lilitungwa ili kulifichua. Siku atakapokaa kwenye piano halisi, kwa mfano akienda kusoma shahada ya muziki katika Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira kilichopo Usa River, au katika Kenya Conservatoire of Music iliyoanzishwa Nairobi mwaka 1944, atashangaa kuona vibonyezo ni vizito na noti zake zinapanda na kushuka kwa sauti bila yeye kukusudia. Ni kama mchezaji aliyejifunza penalti kwenye goli lisilo na kipa.

Kinachobaki kusikika kwenye kinanda kisichohisi nguvu ni mwendo, yaani kama noti zinafuatana kwa nafasi sawa au zinagongana, na hilo peke yake linatosha kuyafanya mazoezi yawe na faida iwapo mwanafunzi atapiga taratibu pamoja na metronomu, ambayo vinanda vingi vinayo ndani na simu ya kawaida inaweza kuipata bila malipo. Penye kinanda kinachohisi nguvu, uwezo huo wakati mwingine huwa umezimwa kwenye mipangilio kwa kuwa mpigaji wa ibada anataka sauti moja kubwa. Kwa mazoezi unapaswa kuwashwa. Na vidole havina haja ya kuinuliwa juu kama alivyoagiza Hanon, kwa sababu vibonyezo vya kinanda ni vyepesi na sauti yake haiongezeki kwa kuinua huko. Kinachohitajika ni kidole kubonyeza mpaka chini na kuachia kwa wakati wake.

Kuhusu muda, robo saa ya Hanon kabla ya kugusa nyimbo inamtosha mwanafunzi wa kwaya, na mazoezi mawili au matatu kwa wiki yaliyopigwa kwa makini yana faida kuliko kurasa kumi zilizopigwa huku macho yakiwa kwenye simu. Nyimbo zenyewe zisisubiri. Mwalimu anayemnyima mwanafunzi wimbo mpaka amalize mazoezi 20 anaifuata herufi ya Hanon na kusahau kwamba Hanon mwenyewe alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kuwatafutia watu wa vijijini njia ya mkato ya kufikia wimbo wa ibada. Kwa upande wa sheria, hakuna wa kuogopa mashine ya nakala: haki za mtunzi aliyefariki mwaka 1900 zimekwisha, kwani sheria ya Tanzania inazilinda kwa miaka 50 baada ya kifo chake, ingawa maelezo na uhariri wa matoleo mapya huweza kuwa na wenyewe.

Kitufe cha transpozi na do inayohama

Liko jambo moja ambalo mpiga kinanda wa Arusha anaweza kulipata kwa Hanon kuliko hata msomaji wa Paris, nalo linahusu kitufe ambacho wapigaji hukiita transpozi. Kitufe hicho huhamisha sauti ya kinanda chote juu au chini, hivi kwamba mpigaji anaendelea kubonyeza C na kinanda kinatoa D au E. Hamoniamu nyingi za Ufaransa za karne ya 19 zilikuwa na kifaa kinachofanya kazi hiyohiyo kwa kusogeza ubao mzima wa vibonyezo, kwa hiyo hila hiyo ni ya zamani. Faida yake ni dhahiri pale mwimbaji anapoanza wimbo kwa sauti yake mwenyewe bila kungoja kinanda, jambo la kila Jumapili. Hasara yake ni kwamba mpigaji hubaki miaka na miaka akijua ufunguo mmoja tu, na akikutana na piano isiyo na kitufe, au mwimbaji akipandisha ufunguo katikati ya wimbo, anakwama.

Wanafunzi wa Urusi aliowaeleza Rachmaninoff waliepuka kifungo hicho kwa kupiga Hanon katika funguo zote. Kwa Mfaransa hilo lina ugumu wa ziada, kwa sababu katika mafunzo ya Ufaransa do ni jina la noti moja isiyohama, yaani C, na anayehamia ufunguo mwingine hubadili majina yote kichwani. Mwanakwaya wa Kitanzania amelelewa katika utaratibu mwingine, ule wa tonic sol-fa ulioenezwa Uingereza na John Curwen katika karne hiyohiyo ya 19 kwa kuendeleza kazi ya mwalimu Sarah Glover, na uliofika huku na wamisionari. Ndani yake do huhama pamoja na ufunguo: ufunguo ukiwa D, D ndiyo do, ukiwa G, G ndiyo do. Aliyezoea kusoma nyimbo za kwaya kwa herufi hizo anaweza kulitazama zoezi la 1 la Hanon, akaliimba kwa do, mi, fa na kuendelea, kisha akaweka do hiyo popote anapotaka kwenye kinanda, na umbo la zoezi likamfuata bila yeye kuandika upya noti hata moja.

Mpangilio unaofaa ni kuanza na F na G, ambazo kila moja ina kibonyezo cheusi kimoja, kuendelea na D na B-flati zenye viwili viwili, kisha A na E-flati zenye vitatu vitatu, kitufe cha transpozi kikiwa kimezimwa na vidole vikibaki vilevile vilivyoandikwa kwa C. Katika B-flati na E-flati gumba la kulia litaanzia juu ya kibonyezo cheusi, jambo ambalo mwanzoni huleta usumbufu na linahitaji mkono usogezwe mbele kidogo kuelekea ndani ya vibonyezo. Mapigo 60 ya metronomu yatakuwa ya kasi mno kwa siku hizo, na 40 yanatosha. Mazoezi matano ya mwanzo yakishapigika katika funguo hizo sita pamoja na C, mpigaji anakuwa amezipitia funguo saba, na mwimbaji akianza wimbo katika mmojawapo wa hizo hatahitaji kutafuta kitufe.